Vijana kusikilizana: ni mambo ya Kizungu?



Kila yakizungumzwa maradhi ya moyo ya vijana wetu (huzuni, wasiwasi, kutaka kujiua), hatokosi mtu wa kusema kuwa hayo ni mambo ya Kizungu, na vijana kukaa wakasikilizana ni mtindo ulioletwa na wafadhili. Mimi naona dai hilo ni nusu kweli tu.

Mwaka 1935 kasisi kijana wa Kiingereza, Chad Varah, alimzika binti wa miaka 14 aliyejiua. Mwenyewe alisimulia kuwa binti alipata hedhi, akadhani ni maradhi ya zinaa, na hakuwa na wa kumuuliza. Hebu fikirini: msichana wa Unguja au Lamu wa zama hizo angekuwa na somo wake! Mwaka 1953 Varah akaanzisha London huduma ya simu iliyokuja kuitwa Samaritans. Mwanzo alishauri peke yake, na watu wa kujitolea wakiwapa chai waliosubiri zamu. Kumbe wengi walikuwa wakishazungumza na hao wa chai huondoka wametulia, hata hawamtaki tena kasisi. Basi 1954 akawaachia wao kazi yenyewe.

Wanafunzi wakaichukua mbinu hiyo. Mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Essex, ilianza Nightline: wanafunzi wanakesha kwenye simu wakiwasikiliza wenzao, bila kuhukumu na bila kutoa siri. Marekani nako Alison Malmon, aliyefiwa na kaka yake kwa kujiua mwaka 2000, alianza na kikundi chuoni kwake Pennsylvania, kikawa jumuiya ya Active Minds mwaka 2003.

Na Kenya je? Mwaka 2018 Tom Osborn, kijana wa Kenya aliyesoma Harvard, alianzisha pamoja na wenzake taasisi ya Shamiri (neno letu hilo, mnalijua). Vijana wa miaka 18 hadi 22, waliotoka sekondari juzi tu, wanaongoza vikundi vya wanafunzi: vikao vinne, saa moja kila wiki. Ugonjwa hautajwi. Wanazungumza jinsi mtu anavyoweza kubadilika, shukrani, na yale anayoyathamini maishani. Jaribio la wanafunzi 413, lililochapishwa 2021, lilionyesha huzuni na wasiwasi vimepungua kuliko kwa waliofundishwa mbinu za kusoma tu.

Sasa, kipi kigeni hapo? Somo tulikuwa naye, lakini somo ni mkubwa, anafunda na kuamrisha. Hirimu tulikuwa nayo, lakini siri ya hirimu ndo hiyo inayofika barazani kabla ya magharibi. Kwa maoni yangu, kilichoongezeka ni mwenzako wa rika anayesikiliza na kunyamaza.

Kigeni hasa kilikuwa sheria. Uingereza iliacha kuhesabu kujiua kuwa kosa la jinai mwaka 1961. Kifungu cha 226 alichotuachia mkoloni kilibaki Kenya mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinakwenda kinyume na katiba. Manake kwa miaka yote hiyo, mwanafunzi aliyemwambia mwenzake "nilijaribu" alikuwa anakiri kosa la kifungo cha hadi miaka miwili.