Hesabu ya duara: Jinsi ya kupima mti bila kuukata

MTU anayetaka kujua unene wa mti uliosimama hawezi kupitisha rula katikati ya shina. Hana budi kulizungushia kamba, kuipima kamba hiyo, kisha kuiachia hesabu imalizie kazi. Hesabu hiyo ni ile ya mzingo na eneo la duara, ambayo wengi waliisoma shuleni wakaisahau punde mtihani ulipokwisha.

Katika kijiji cha Ozi, kilicho karibu na Kipini kwenye delta ya Mto Tana, hesabu hii ina manufaa ya kila siku. Wakazi wa huko hulima mpunga kwa maji baridi ya mto yanayosukumwa mashambani na bamvua. Kando ya mashamba hayo kuna msitu wa mtoni, na kuelekea baharini kuna mikoko ya aina nyingi, ukiwemo msikundazi, ambao ni adimu kwingineko pwani ya Kenya. Kwa miaka kadhaa sasa maji ya chumvi yamekuwa yakipanda mtoni na kuharibu mashamba, na misitu hiyo ni sehemu ya kinga iliyopo. Delta nzima ilitambuliwa mwaka 2012 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Atakayeuliza ni miti mingapi iliyosalia, na ina unene gani, atajibiwa kwa hesabu ya duara.

Mzingo na kipenyo

Mzingo ni urefu wa mstari unaolizunguka duara. Kipenyo ni mstari unaotoka ukingo mmoja hadi wa pili ukipitia katikati, na nusu yake huitwa nusu kipenyo. Duara liwe dogo kama sarafu au kubwa kama mdomo wa kisima, mzingo ukigawanywa kwa kipenyo jibu ni lile lile: 3.14159 na kuendelea bila kikomo. Namba hiyo huitwa pai.

Archimedes, aliyeishi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, alithibitisha kuwa pai ni ndogo kidogo kuliko 22/7, na sehemu hiyo ndiyo itumikayo madarasani hadi leo. Mwaka 1424, al-Kashi wa Samarkand aliikokotoa kwa usahihi wa tarakimu 16 baada ya nukta. Alama ya Kigiriki inayoiwakilisha ilitumiwa mara ya kwanza na William Jones mwaka 1706.

Kwa hiyo mzingo ni pai mara kipenyo, na kipenyo ni mzingo kugawanywa kwa pai. Kamba iliyozunguka shina ikiwa na sentimita 44, kipenyo ni 44 gawanya kwa 22/7, yaani sentimita 14.

Wataalamu wa misitu huzungusha utepe kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Kwa mkoko wenye mizizi iliyoinuka juu ya tope, utepe hufungwa juu ya mzizi wa mwisho, kwani chini yake hakuna shina moja la kupimwa.

Wafanyabiashara wa miti ya mikoko nao wana vipimo vyao. Kuanzia nyembamba hadi nene kuna fito, pau, mazio, boriti na nguzo, na huhesabiwa kwa korija, yaani miti 20. Boriti ina kipenyo cha takriban sentimita 11.5 hadi 13.5. Ukizidisha kwa pai, utaona kwamba boriti ni mti ambao kamba yake ina sentimita 36 hadi 42. Mwenye kamba iliyofungwa mafundo mawili kwenye vipimo hivyo anaweza kuutambua mti wa boriti kabla ya shoka kuinuliwa.

Eneo

Eneo la duara ni pai mara nusu kipenyo mara nusu kipenyo. Sababu yake yaonekana kwenye mkate wa sinia. Ukate vipande vyembamba vingi kutoka katikati, kisha uvipange kwa safu, kimoja kikielekeza ncha juu na kinachofuata kikielekeza ncha chini. Vipande vikiwa vyembamba sana, safu hiyo hukaribia kuwa mstatili. Urefu wake ni nusu ya mzingo, na upana wake ni nusu kipenyo. Ukizidisha viwili hivyo unapata eneo la mkate mzima.

Shina la kipenyo cha sentimita 14 lina nusu kipenyo cha sentimita 7. Eneo la mkato wake ni 22/7 mara 7 mara 7, yaani sentimita za mraba 154. Shina ambalo kamba yake ni sentimita 88 lina nusu kipenyo cha 14, na eneo lake ni 616. Kamba imeongezeka maradufu, lakini eneo la mti limeongezeka mara nne. Hivyo mti mmoja mkubwa ukiangushwa, miche miwili iliyofikia nusu ya unene wake haitoshi kufidia eneo hilo, inahitajika minne.

Kosa la mara kwa mara

Kosa linalowakumba wengi ni kuchanganya kipenyo na nusu kipenyo. Kwa vile namba hiyo huzidishwa kwa yenyewe, kosa la nusu huwa kosa la robo, au la mara nne.

Mwongozo wa kupima mikoko uliochapishwa na kituo cha utafiti wa misitu cha CIFOR mwaka 2012 unapendekeza viwanja vya duara vyenye nusu kipenyo cha mita 7. Kila kimoja kina mita za mraba 154, na hekta moja ina viwanja kama hivyo 65 hivi. Tuseme kiwanja kimoja kimepatikana na visiki 10, na vingine vyote vinafanana nacho. Hekta ina visiki 650 hivi. Lakini mpimaji akidhani mita 7 ni kipenyo, atahesabu kiwanja kuwa na mita za mraba 38.5 tu, na taarifa yake itasema hekta ina visiki 2,600. Msitu ni ule ule na visiki ni vile vile. Ila kijiji kitaonekana kimekata miti mara nne ya ile iliyokatwa.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kuzidisha, yafaa kuuliza kwanza: kamba hii imepimwa kutoka ukingo hadi ukingo, au kutoka katikati?