Nujabes na Maduka ya Santuri ya Shibuya

Ni rahisi kudhani kwamba muziki wa mchanganyiko wa Tokyo ulizaliwa kwenye kumbi za dansi, maana huko ndiko DJ huonekana. Kazi ya Jun Seba, aliyejulikana kama Nujabes, inaonyesha chimbuko jingine: duka la santuri. Kabla jina lake halijavuma, alikuwa akiuza santuri Shibuya, mtaa wa Tokyo, na mwenye duka la namna hiyo husikiliza jazi, bossa nova na hip hop zikifuatana kutwa nzima. Albamu yake ya 2003, Metaphorical Music, ina sikio hilohilo la muuzaji.

Wapo watakaosema huo ni mwigo wa Marekani tu. Kweli, mbinu ya kukata kipande cha wimbo wa zamani na kukizungusha juu ya mdundo ilitoka New York, na marapa kadhaa wa Kimarekani waliimba juu ya midundo ya Nujabes. Lakini tazama Aruarian Dance, wimbo wa katuni ya Samurai Champloo ya 2004. Gitaa lake ni la Mbrazili Laurindo Almeida, akipiga wimbo wa Kimarekani ambao nao ulichukua sauti yake kwa Mfaransa Ravel, aliyeitunga kwa ajili ya piano mwaka 1899. Katika mnyororo huo, kila aliyepokea aliazima. Kumwita Mjapani peke yake mwigaji ni upendeleo.

Seba alifariki kwa ajali ya gari Februari 2010. Albamu yake ya mwisho, Spiritual State, ilikamilishwa na wenzake na kutolewa 2011.