"Mvamizi" ni nani? Vitenzi vya mipaka katika historia ya ardhi ya Machakos

Oktoba 2023, matingatinga yalipoanza kuangusha nyumba Mavoko, Kaunti ya Machakos, vyombo vya habari vilihitaji jina la kuwaita watu waliosimama kando ya vifusi wakitazama. Baadhi viliandika "wakazi", vingine "maskwota", na mara nyingi tukasoma "wavamizi". Mwezi uo huo Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Machakos ilikuwa imeamua kwamba ardhi hiyo ya ekari 4,298 ni mali ya kampuni ya East African Portland Cement. Nani mwenye shamba ni suala la mawakili na sitalijadili. Ninachotaka tukitazame, msomaji wangu, ni hilo neno "wavamizi".

Kiingereza cha mahakamani humwita mtu wa aina hiyo "trespasser". Kitenzi chake, "trespass", kilitoka katika Kifaransa cha kale, na maana yake ya awali ilikuwa kupita upande wa pili, kuvuka tu. Kisheria, neno hilo halisemi kwamba mtu alikuja na rungu au alikuja usiku. Linasema kwamba ameingia katika ardhi ya mwenzake bila idhini, basi. Mtoto aliyeruka ua kufuata mpira wake anaweza kuitwa hivyo.

Kuvamia ni jambo jingine kabisa. Ni kurukia kwa ghafla na kwa nguvu. Majambazi huvamia benki, nzige huvamia mashamba, jeshi huvamia nchi jirani. Hebu sasa mfikirie mtu aliyelipia ploti, akapewa risiti, akachimba msingi, kisha akajenga chumba kimoja kila alipopata pesa. Huyu amerukia nini, na saa ngapi? Huenda alitapeliwa na huenda hana haki hata ya inchi moja. Lakini tukimwita mvamizi tumemwongezea ukatili ambao hata hukumu haikuutaja. Mfasiri amekuwa hakimu wa pili, na wa pili huyu hana rufaa.

Si kwamba Kiswahili hakina maneno. Kinayo, na yana makali tofauti. Ukitaka neno la jirani anayesogeza ua wake hatua moja kila msimu wa kulima, unalo: anamega shamba. Ni kitenzi cha mezani, cha mkono unaokata tonge la ugali, na kinabeba ule upole wa wizi wa kidogo kidogo ambao Kiingereza huuita "encroach". Waingereza nao walikopa chao kutoka neno la Kifaransa la kulabu. Wao wanavuta kwa ndoano, sisi tunamega kwa vidole. Kuna kunyemelea, mwendo wa paka. Kuna kukiuka, ambako zamani kulikuwa kuvuka kitu kwa kukiruka, na leo kumebaki kwa sheria na haki tu. Halafu kuna kuingilia: kiambishi kidogo tu, na mgeni aliyeingia amegeuka msumbufu. (Kitenzi hiki kina matumizi mengine ambayo walimu wa darasa la sita huyakwepa, nami nitayakwepa.)

Sasa twende kwenye historia, maana Machakos ni mahali pazuri pa kuona ni nani hubandikwa vitenzi hivi. Wakamba walikuwa na msamiati wao wa ardhi kabla ya serikali ya kikoloni. Ng'undu ilikuwa ardhi ya mtu na ukoo wake. Kisesi kilikuwa malisho ambayo mtu ameyadai. Weu ulikuwa mbuga ya wote, ambako yeyote alichunga. Sheria ya ardhi ya mfalme wa Uingereza ya mwaka 1902 ilipokuja, ardhi isiyo na nyumba wala shamba ilionekana kuwa haina mwenyewe. Weu ukasomwa kama utupu. Sheria ya 1915 ikaenda mbali zaidi na kuihesabu hata ardhi waliyokaa Waafrika kuwa ya mfalme.

Vilima vya Mua vikaenda kwa walowezi. Uwanda wa Yatta ukawa ardhi ya serikali, na mwenye ng'ombe akatakiwa alipie ruhusa ya kuchunga pale pale ambapo baba yake alichunga bure. Ng'ombe akivuka mstari, eti ndiye aliyeingia bila idhini! Na aliyechora mstari? Vitenzi vyake vilikuwa safi sana: alipima, aligawa, alisajili.

Mwaka 1938 serikali ikaamuru Wakamba wapunguze mifugo, kwa hoja kwamba udongo unamomonyoka. Ng'ombe walikamatwa na kuuzwa mnadani, huku kiwanda cha nyama cha Liebig kikisubiri huko Athi River, mji uo huo wa Mavoko. Hatua hiyo nayo haikuitwa uvamizi. Mwezi Julai Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya watu, wanawake na watoto wakiwemo, hadi Nairobi kumwona gavana, na wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa. Yeye alikamatwa na kupelekwa kuishi Lamu. Serikali ikaacha kuuza mifugo kwa lazima.

Baada ya uhuru tulijipatia kitenzi kingine, kunyakua, kile cha mwewe na kifaranga. Tume ya Ndung'u ilipotoa ripoti yake mwaka 2004, neno "wanyakuzi" lilikuwa tayari mdomoni mwa kila Mkenya. Mnyakuzi ni mkubwa, mwenye hatimiliki iliyopatikana ofisini. Mvamizi ni mdogo, mwenye mabati. Nakubali mgawanyo huu una ukweli wake, lakini tazameni ni nani kati ya hao wawili huangukiwa na tingatinga.

Kwa hivyo nawaomba wahariri: mahakama ikisema "trespasser", andikeni "aliyeingia bila idhini". Najua mtasema hayo ni maneno matatu badala ya moja na kichwa cha habari hakina nafasi. Basi andikeni "wakazi". Lina herufi sita, na "wavamizi" lina nane.