Ambreyaji ya kudumu: kutoka ngozi ya ng'ombe hadi turbo ya Land Cruiser

Kamina, Haut-Lomami – Mji wa Kamina ulilelewa na mashine isiyokuwa na ambreyaji. Kampuni ya BCK ilipomaliza reli kutoka Bukama hadi Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo, mwaka 1928, vichwa vya treni vilivyopita hapa vilikuwa vya mvuke. Mvuke unasukuma pistoni kwa nguvu zake zote hata gurudumu likiwa bado limesimama. Kwa hiyo makanika wa reli wa wakati ule hakuwa na haja ya kitu cha kutenganisha motere na magurudumu. Baadaye ukaja umeme: mwaka 1952 BCK iliweka waya kati ya Jadotville, yaani Likasi, na Tenke, kisha waya ukasogezwa mpaka Kamina. Motere ya umeme nayo huanza kuvuta ikiwa imesimama. Kutoka Kamina kuelekea Kasai treni huvutwa na dizeli.

Gari la barabarani ni jambo lingine. Motere ya petroli au ya mazutu haiwezi kuanza kuzunguka ikiwa imebeba mzigo; ukiilazimisha, inazimika. Lazima iwashwe peke yake, izunguke, halafu ikabidhiwe mzigo polepole. Kifaa kinachofanya kazi hiyo ni ambreyaji, ambayo ndugu wa Kenya na Tanzania wanaiita klachi. Na kwa kuwa treni za SNCC hazipiti kila siku, mzigo mwingi wa jimbo letu, pamoja na watu waliokimbia vijiji vyao, unategemea diski moja ndogo iliyofichwa kati ya motere na boksi ya vitesi.

Familia zilizohama zinalijua jambo hili kuliko mafundi wengi. Mwaka 1992 na 1993, wakati familia zenye asili ya Kasai zilipofukuzwa Likasi na Kolwezi, watu walingojea treni kwenye vituo kwa majuma mengi, kisha wakapitia reli hii yetu. Leo anayekimbia hupanda mara nyingi juu ya kamioni au jipu, akiwa na magodoro, sufuria, mbuzi na watoto. Ambreyaji ikiungua katikati ya pori, motere inanguruma vizuri kabisa, lakini gari haliendi. Tajiri wa gari anapoteza faida, na walio juu ya mzigo wanaweza kulala njiani pasipo maji.

Watu wa kwanza kuunda magari hawakujua jibu mara moja. Gari la Karl Benz la mwaka 1886 lilitumia mkanda uliosogezwa kutoka gurudumu linalozunguka bure hadi gurudumu lililofungwa. Baada yake Wafaransa wa Panhard et Levassor walileta koni iliyovikwa ngozi, ikiingia ndani ya koni nyingine kama kikombe ndani ya kikombe. Ngozi ile ilikuwa na tabia mbaya. Ikikauka, ilishika kwa ghafula na gari likaruka kama punda. Ikilowa mafuta, iliteleza. Madereva wa siku zile waliipaka mafuta ya mbarika ili ilainike, au waliinyunyizia udongo mkavu ili ishike. Shofere wa Bukama anayemwaga mchanga chini ya tairi lililozama tope angewaelewa vizuri.

Mabadiliko makubwa yalitoka kwenye breki za mikokoteni. Mwingereza Herbert Frood alianza mwaka 1897 kutengeneza vitu vya kusugua vya kufunga magurudumu kwenye miteremko, na kutoka jina lake likazaliwa jina Ferodo. Mwaka 1908 alianza kutumia asbesto, nyuzi za jiwe zisizoungua. Kwa miaka mingi karibu kila diski ya ambreyaji duniani ilivikwa asbesto. Huko Ufaransa, kampuni iliyoanza mwaka 1923 kwa kuuza bidhaa za Ferodo ndiyo iliyokuja kuitwa Valeo mwaka 1980, jina linaloandikwa kwenye maboksi mengi ya diski, ya kweli na ya bandia, katika maduka ya Katanga.

Asbesto ilidumu, lakini vumbi lake linaua mapafu ya watu. Ufaransa iliipiga marufuku mwaka 1997. Motere nyingi za zamani bado zinatembea huku, na ndani ya kengele ya boksi zao kunaweza kuwa na vumbi hilo. Fundi asilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Alowanishe kwa maji, apanguse kwa kitambaa chenye maji, na watoto wakae mbali. Jambo hili halina uhusiano na mwendo wa gari, lakini ni zito kuliko mwendo.

Mabadiliko mengine yalihusu chemchemi. Plato, ile sahani inayobana diski, zamani ilisukumwa na chemchemi za kawaida zilizopangwa kwa duara. Diski ilipoliwa, chemchemi zilinyooka na nguvu zikapungua, hivyo ambreyaji ilianza kuteleza hata kabla diski haijaisha. Motere ikizunguka kwa kasi sana, chemchemi zenyewe zilisukumwa kwenda nje. Dawa yake ilikuwa chemchemi moja bapa yenye umbo la sahani na vidole vinavyoelekea katikati. Marekani waliitumia mapema. Katika Ulaya ilienea baada ya kampuni ya LuK kuanzishwa Ujerumani mwaka 1965 na kuitengenezea Volkswagen. Chemchemi ya aina hii haipotezi nguvu haraka diski inapoliwa, na pedali yake ni nyepesi. Fundi akifungua boksi na kukuta vidole vile vimeliwa kwenye ncha, na bute imelia, asibadilishe diski peke yake.

Lakini shule kubwa ya ambreyaji katika upande wetu wa Afrika haikuwa kiwanda. Ilikuwa mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwanzoni magari yaligawanywa kwa makundi kufuatana na bei yake dukani, na hakukuwa na mshindi mmoja wa jumla. Watu walitaka kujua jambo rahisi: gari gani, kama lilivyo dukani, linavumilia barabara zetu? Mvua za masika zilijibu. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu yakafika. Mwaka 1968 yakafika tena 7. Miaka yote miwili Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff ilishinda. Mwaka 1966 na 1967 gari la aina hiyo hiyo lilishinda mikononi mwa Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania. Wazee wa Kamina wanaoikumbuka 404, na 504 iliyoifuata, wanajua sababu yake bila kuambiwa.

Mtu wa kuangaliwa zaidi ni Joginder Singh. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, akajifunza kazi katika garaji ya baba yake. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, si gari jipya la kiwanda. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Alianza Safari mara 22 na kumaliza mara 19. Hesabu hiyo ya pili ndiyo inayowahusu wenye magari wa hapa, kuliko vikombe vyake vitatu. Fundi aliyekuwa dereva alijua kwamba gari linaloshindwa kuondoka kwenye tope halisaidiwi na wingi wa farasi.

Farasi hata hivyo waliongezeka. Datsun 240Z iliyoshinda mwaka 1971 na 1973 ilikuwa na motere ya lita 2.4. Katika miaka ya 1984, 1985 na 1986 Toyota Celica yenye turbo, nguvu zaidi ya farasi 300, ikashinda mfululizo. Hapo ambreyaji ya dukani isingeweza tena. Magari ya mashindano yalipata vitambaa vya chuma kilichosagwa na kuokwa, diski mbili badala ya moja, na plato zinazobana kwa nguvu kubwa. Yalikuwa pia na magari ya huduma yanayofuata nyuma na mafundi walio tayari kushusha boksi nzima. Anayenunua leo diski ya mashindano anapata nusu ya kwanza tu ya mpango huo.

Hapa ndipo historia inafika kwenye garaji za Kamina. Toyota Land Cruiser yenye motere ya 1HZ, iliyotoka mwaka 1990, ina silinda 6 na lita 4.2 za mazutu, bila turbo, na nguvu ya kuzungusha ya niyutoni-mita 285 hivi. Ni motere ya uvumilivu. Mwenye gari akiifungia turbo ili ipande vilima na mzigo, nguvu inaweza kupita 400. Siku ya kwanza anafurahi. Baada ya majuma machache, kwenye kitesi cha nne, sindano ya mizunguko inapanda lakini gari halikimbii, na harufu ya kuungua inaingia ndani. Ambreyaji imesema haiwezi.

Hesabu yake si ngumu. Uwezo wa ambreyaji unatoka kwa vitu vinne vinavyozidishwa: pande za diski, mshiko wa kitambaa, nguvu ya plato, na umbali kutoka katikati hadi katikati ya kitambaa. Chukua diski moja yenye pande 2, mshiko wa 0.3, plato inayobana kwa kilo 700, na umbali wa milimita 114. Inabeba karibu niyutoni-mita 470. Plato ikiongezwa mpaka kilo 840, inabeba zaidi kidogo ya 560. Lakini mguu wa dereva nao unalipa ile nyongeza, na kila pedali inapokanyagwa, ekseli ya motere inasukumwa mbele dhidi ya vibati vyake vya pembeni. Shofere anayengojea kwenye kizuizi huku pedali imekanyagwa anakula vibati hivyo polepole.

Wauzaji husifu diski ya seramiki yenye vipande vinne au sita kama vidole. Inashika sana na inavumilia joto. Ubaya wake ni kwamba haijui kuteleza kidogo: inashika au inaachia. Kwenye tope, gari linaruka, tairi linachimba, na mshtuko unaenda kwenye vitesi na kwenye difa. Kwa gari la kukimbia kwenye lami sawa. Kwa gari linalobeba watu 20 na magunia ya mahindi kutoka Malemba-Nkulu, ni chaguo baya, hata kama duka linaiita ya nguvu zaidi. Vitambaa vyenye nyuzi za Kevlar, zilizogunduliwa Marekani mwaka 1965, ni vipole zaidi na vinadumu, lakini vikiunguzwa mara moja sana, huenda visirudi vizuri.

Chaguo la busara kwa gari lililoongezewa nguvu huku ni diski ya kitambaa cha kawaida, ya kipenyo kikubwa zaidi kinachoweza kuingia, yenye chemchemi katikati, pamoja na plato iliyoongezwa nguvu kwa kiasi na bute mpya. Mara nyingi vifaa hivyo vinapatikana kwa motere nzito ya familia ile ile, kwa bei isiyokuwa ya mashindano. Volani isawazishwe kwenye mashine. Kufunga diski mpya juu ya volani yenye madoa ya buluu na nyufa ni kutupa pesa. Na sili ya nyuma ya motere iangaliwe, kwa sababu tone la mafuta likifika kwenye kitambaa, tunarudi kwenye ngozi ya Panhard.

Joto nalo lina hesabu yake. Gari linapoondoka, ambreyaji inageuza kuwa joto nguvu angalau sawa na ile gari linayoipata mpaka diski ishike kabisa. Ukishusha kitesi hata mwendo wa kushika uwe nusu, joto linashuka mpaka robo. Ndiyo maana Land Cruiser ina ule mkono wa pili wa vitesi vya chini. Wenye magari wengi hawaugusi, wakidhani ni wa gari lililozama tu. Ukiwa na mzigo kamili kwenye mpando, uondoke kwa vitesi vya chini. Diski ile ile iliyokufa kwa miezi mitatu inaweza kupita msimu wa mvua.

Diski mpya inahitaji pia kuzoeshwa kilomita 500 hadi 800 kwa upole, bila mzigo mkubwa, mpaka kitambaa kilale sawasawa juu ya chuma. Safari moja ya Kaniama na kurudi haitoshi. Abiria anayepanda gari lililotoka garaji jana ana haki ya kumwuliza shofere ni kilomita ngapi zimetembea tangu diski ifungwe.