Ubishi wa Nguzo, Jibu la Minyororo

Gofu ya visahani haikuzaliwa siku moja wala mahali pamoja. Mwaka 1926, katika kijiji cha Bladworth nchini Kanada, mwanafunzi Ronald Gibson na wenzake walirusha vifuniko vya makopo kwa kufuata kanuni za gofu. Miaka ya 1960 vijana wa California walilenga miti na mapipa ya taka kwa visahani vya Frisbee. Huko Rochester, New York, mchezo ulinoga kiasi kwamba mshindi wa mashindano ya mwaka 1974 aliondoka na gari la Datsun.

Kilichokosekana ni uwanja wa kudumu. Huo ulipatikana mwaka 1975 katika bustani ya umma ya Oak Grove, karibu na Pasadena, California, pembeni mwa maabara ya anga ya JPL. Aliyeufanikisha ni Ed Headrick. Alipokuwa kwenye kampuni ya Wham-O, ndiye aliyeiwekea Frisbee mistari ya duara mgongoni ili itulie inaporuka, na mwaka 1967 akapewa hataza yake. Pale Oak Grove alisimika nguzo chini ya mialoni, watu wakamiminika.

Kanuni zake hazimsumbui mtu. Unarusha kisahani kutoka sehemu ya kuanzia, unakifuata kilipotua, unarusha tena kutoka hapohapo mpaka ufike kwenye shabaha. Mwenye mitupo michache ndiye mshindi.

Ila zile nguzo zilizua ubishi. Kisahani kikipita kasi, huyu anaapa kimegusa, yule anakana. Headrick alichoka na mabishano hayo. Akishirikiana na mwanawe Ken, alitengeneza kikapu cha chuma kilichozunguka nguzo, na juu yake minyororo inayoning'inia kutoka kwenye pete. Minyororo huinyonya kasi ya kisahani, nacho huangukia kikapuni. Tena hulia, na mlio huo husikika mbali. Hakuna wa kubisha. Hataza ya kifaa hicho ilitolewa mwaka 1977, na mpaka leo vikapu duniani kote vinafuata umbo lilelile.

Mwaka 1976 alianzisha pia chama cha wachezaji, PDGA, yeye mwenyewe akiwa mwanachama namba 1. Alifariki mwaka 2002, na kwa wosia wake majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki ya visahani.

Kwangu mimi, hata kikapu hakifikii uzito wa uamuzi wa kuupeleka mchezo kwenye ardhi ya umma. Gofu ya fimbo hudai nyasi zilizokatwa na kumwagiliwa, na mara nyingi ada isiyolipika kwa mtu wa kawaida. Huku kwenye visahani, mtoto wa fundi anaingia na kisahani kimoja mkononi, na kinamtosha. Mteremko na vichaka ambavyo visingefaa kwa uwanja wa mpira huwa ndiyo utamu wenyewe. Mti haukatwi, unazungukwa. Hata hivyo miti hulipa gharama: magome huchubuka kwa kugongwa, na udongo juu ya mizizi hushindiliwa na nyayo. Bustani inayojali haina budi kuhamisha vikapu mara kwa mara ili ardhi ipumzike.

Kisha mwaka 1983 mbunifu wa visahani Dave Dunipace akaleta kisahani chenye ukingo mwembamba unaopasua hewa. Kiliruka mbali kuliko Frisbee yoyote, lakini kikiwa kigumu na chenye kasi kinaweza kumuumiza mpita njia. Tangu hapo anayechora uwanja ndani ya bustani ya umma hupima kwanza njia za watembeao, ndipo atafute mahali pa kikapu. Kule Oak Grove, ambako sasa huitwa Hahamongna, wapanda farasi nao wana njia zao. Wakikatiza mbele, mchezaji hushusha mkono na kungoja mpaka wapite.