Utiririshaji Usio na Ruhusa: Maana ya Istilahi na Sababu ya Kuichagua

Katika sheria za miji ya Marekani mna istilahi moja ambayo mfasiri akiipita kwa haraka ataipotosha, nayo ni ile itajayo kila kiingiacho katika mfereji wa mvua ilhali si mvua. Mimi naifasiri kuwa utiririshaji usio na ruhusa, wala sikuridhika na neno jepesi litangulialo ulimini, yaani haramu.

Yapasa kwanza kufahamu kuwa miji mingi ya nchi ile ina njia mbili za maji zipitazo chini ya ardhi: bomba la majitaka, lipelekalo maji ya vyoo na majiko kwenye mitambo ya kuyasafisha, na mfereji wa mvua, uyapokeao maji ya mapaa na barabara kwa matundu ya kando ya njia ukayafikisha mtoni, ziwani au baharini, aghalabu bila ya kusafishwa hata kidogo. Mafuta machafu ya gari yaliyomiminwa katika tundu hilo, au rangi aliyoisuuza fundi katika brashi zake, huwafikia samaki kama yalivyotoka mkononi mwa mtu.

Sheria ya Maji Safi ya mwaka 1972 ilirekebishwa mwaka 1987 ili iyahusu waziwazi maji hayo ya mvua. Kanuni za mwaka 1990 zikaibana miji yenye watu 100,000 na zaidi, na zile za mwaka 1999 zikaifikia miji midogo, ikatakiwa kila manispaa iliyohusika iwe na sheria ndogo ya kuukataza uchafuzi huo. Fasili ya istilahi yetu ni fupi: ni utiririshaji wowote uingiao katika mfereji wa mvua wa manispaa ambao si maji ya mvua matupu, isipokuwa ule uliopewa kibali, na maji ya kuzimia moto. Tena sheria ndogo nyingi huyaachilia maji ya kumwagilia bustani, matone ya viyoyozi, na maji ya bwawa la kuogelea yaliyokwisha kuondolewa klorini, maadamu hayadhuru.

Msomaji ataona kwamba fasili hiyo yote imejengwa juu ya ruhusa, wala haiulizi nia. Neno haramu humtia mtu hatiani kabla ya kusikizwa, na hali pengine bomba la choo liliunganishwa kimakosa na mfereji wa mvua zamani, mwenye nyumba wa leo asiwe na habari. Neno kumwaga nalo ni finyu, kwani ni tendo la mkono na la mara moja, ilhali bomba hutiririsha usiku na mchana pasipo mtu kusimama kando yake.

Wakaguzi nao huanza na maji yenyewe, si na nia ya mtu. Huyaendea matoleo ya mifereji siku za ukavu, aghalabu baada ya saa 72 bila ya mvua, kwa kuwa maji yatiririkayo wakati huo sharti yawe na asili nyingine. Huyapima kama yana amonia, sabuni au vijidudu vya kinyesi, kisha hupanda chemba baada ya chemba, wakitia rangi chooni au kupitisha kamera bombani, hata waifikie nyumba yenyewe. Katika Mto Charles wa Boston, ambako mwaka 1995 serikali ya shirikisho ilianza juhudi za kuufanya mto ufae kuogelewa ifikapo mwaka 2005, kuyatafuta na kuyakata maungio ya namna hiyo kulikuwa sehemu kubwa ya kazi.

Kwetu pia, Dar es Salaam na Mombasa, mitaro ya mvua huishia katika Bahari ya Hindi, na waandishi wa sheria ndogo watahitaji jina la jambo hili. Nawasihi wachague jina lisilohukumu kabla ya uchunguzi, maana jina la haki huzaa utaratibu wa haki: asiyejua apewe ilani na muda wa kurekebisha, naye akaidiye baada ya ilani atozwe faini pamoja na gharama za usafishaji.