Kikatakiu, Bila Kistari

Mwezi uliopita mpwa wangu, anayepanda majabali kule Mwanza na kunipa wasiwasi kila Jumapili, alinitumia kijitabu cha mafunzo. Kilimwagiza mpandaji abebe "vinywaji vya kuongeza nguvu". Kijana akatii. Akanunua makopo matatu ya kile kinachouzwa nchi nzima kwa jina hilohilo, akapanda nayo saa saba mchana, akashuka mikono ikimtetemeka na moyo ukimwenda mbio. "Mjomba, si nimefanya walivyoandika?" Nilikosa jibu, maana kweli alifanya walivyoandika.

Kijitabu kilikusudia maji yenye chumvi kidogo na sukari ya kiasi. Kopo moja la mililita 250 lina kafeini kama miligramu 80, na sukari inayozidi asilimia 10, ambayo hukawia tumboni wakati mwili unadai maji. Wafasiri walikuta vitu viwili, wakavitumbukiza katika kapu moja la "nguvu". Sitawataja. Wanajijua, na mmoja wao husoma makala zangu kwa bidii ili apate cha kununia.

Jopo jingine limependekeza "kinywaji sawashinikizo", ati kwa sababu kwa Kigiriki isos ni sawa na tonos ni mkazo. Utiifu kwa Wagiriki ni sifa njema, lakini jopo lingeuliza hata mhudumu wa zahanati. Mchanganyiko wa ORS, ule wa wenye kuhara, uliopitishwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF mwaka 2002 una kipimo cha mkazo huo cha 245, ilhali cha damu yetu ni kama 290. Hauko sawa na kitu, na umepunguzwa kwa makusudi kutoka 311 ya zamani. Istilahi inayokifungia nje kinywaji kilichookoa watoto wengi kuliko vyote ni istilahi gani hiyo?

Halafu kuna "utiaji maji mwilini". Nimezaliwa Goweko, nyumba ya tatu kutoka stesheni. Pale, aliyetiwa maji mwilini ametundikiwa dripu, na anayetia maji kwenye maziwa anatafutwa na wateja. Huwezi kumwambia mtu mzima anayening'inia kwenye kamba aanze kujitia maji.

Na Goweko ndiyo iliyonipa neno. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, misafara ya pwani ilifika kwetu ikiwa imetoka Mgunda Mkali, ile nyika kavu kati ya Ugogo na Tura iliyotisha wasafiri, aliyoipita msafiri Mwingereza Burton mwaka 1857. Kambi za humo zilibeba majina ya mawe: Jiwe la Mkoa, Jiweni. Mpagazi alikuwa na frasila mbili, kilo kama 32, na kibuyu. Hakuongeza nguvu wala hakusawazisha shinikizo. Alikata kiu.

Sasa tulitazame hilo shina, maana ni la Kibantu, ni la kale, na limetupwa na watu wasiofungua kamusi. Kukata ni kutenga kwa kisu, naam. Lakini kata ni pia kile kifuu chenye mpini cha kuchotea maji mtungini. Tena kata ni ule mviringo wa nguo au majani unaowekwa kichwani chini ya mzigo, ambao wengine huuita ngata. (Najua Wanyamwezi walibeba begani na kichwani walibeba watu wa pwani. Msiniandikie barua.) Mzigo juu ya kata, maji ndani ya kata, na kiu inakatwa: safari nzima imekaa katika silabi mbili. Sisemi kwamba maneno hayo matatu yana mzazi mmoja. Nasema lugha imeyaweka jirani, na mwenye sikio angesikia.

Umbo nalo halina shaka. Tuna kipazasauti, kinasasauti, kipimajoto, kifunguakinywa. Kwa kanuni hiyohiyo napendekeza kikatakiu: kinywaji chenye maji, chumvi na sukari kwa vipimo vya kurudisha jasho lililotoka. Ngeli ya KI-VI, wingi vikatakiu. Hakuna aliyeniuliza maana yake zaidi ya mara moja, isipokuwa wataalamu.

Mtaalamu mmoja alinipinga hadharani, kwa hoja ambayo nakiri ni nzuri. Alisema kinachokata kiu haraka ni maji matupu. Ukiyanywa, chumvi ya damu huzimuliwa, ubongo hudhani deni limelipwa, na kiu hukoma kabla maji hayajatosha. Chenye chumvi huiacha kiu iendelee, na ndiyo faida yake. Kwa hiyo, akatabasamu, kinywaji chako hakikati kiu. Ukumbi ukacheka. Sikulala vizuri usiku ule.

Lakini alidhani kukata ni kukomesha tu. Anayekata tiketi anaipata. Anayekata rufaa anaanza kesi upya. Anayekata shauri amelifikisha mwisho, na anayekata mbuga haiondoi mbuga, anaivuka kutoka ukingo hadi ukingo. Wapagazi waliikata Mgunda Mkali na bado ipo. Treni huipita hadi leo. Kikatakiu kinaikata kiu namna hiyo: kinakwenda nayo mpaka upande wa pili. Maji matupu huishia njiani, na wapo wakimbiaji wa mbio ndefu waliokufa kwa kuyanywa kupita kiasi hadi sodiamu ya damu ikaporomoka. Hoja yake, basi, ni ushahidi wangu. Nilimwandikia hivyo. Hajajibu.

Mwingine, wa upande wa Maziwa Makuu, alitaka tuache "kiu" tuchukue "nyota", kwa kuwa Wanyarwanda husema inyota na Waganda ennyonta. Ujamaa wa Kibantu naupenda. Ila kikatanyota, kwa msomaji wa Kiswahili, ni roketi.

Matumizi, kwa haraka: lita moja ya maji safi, vijiko vinne vya chakula vya asali (ya Tabora, tafadhali), robo kijiko cha chai cha chumvi, na ndimu ukipenda. Kunywa mafunda machache kila robo saa, kabla ya kuchoka. Sukari na sodiamu huvuka ukuta wa utumbo kwa pamoja, kama alivyoeleza mwanabiokemia Robert Crane mwaka 1960, na maji hufuata. Kwa mwenye kuhara tumia pakiti ya ORS, si hii.

Wiki iliyopita nimeletewa orodha mpya ya istilahi za michezo. Neno langu limo, bila jina langu, jambo ambalo nimelizoea. Lakini wameliandika "kikata-kiu", mara tano. Kipazasauti hakina kistari, wala kipimajoto. Kifunguakinywa tumekila miaka yote bila kistari na hakijatukwama. Nimevifuta vistari vyote vitano kwa kalamu nyekundu na kuirudisha orodha kwa basi la asubuhi.